Aliyekaza Hashiki

16 Februari 1997

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya jambo lolote naahidi kwamba katika barua hii na zitakazofuata nitakueleza kila kitu, kizuri na kibaya, bila kupunguza, ili nawe usipate sababu ya kunipunguzia.

Sisi huku ni wazima. Mama bado anashona sare za shule, na cherehani yake inalia vilevile kwa sababu aliyekuwa akiitia mafuta ni wewe. Mdogo wangu, yule uliyembatiza jina la Kengele kwa kulia kwake, ameanza darasa la kwanza na ameng'oka meno mawili ya mbele. Sasa akilia anapuliza. Mimi nimeingia kidato cha tatu. Fizikia nimepata themanini na moja, na mwalimu ameandika "endelea hivyo", kwa hiyo naendelea.

Anwani yako nimeipata kwa dereva wa lori la saruji. Alisema alikuona huko machimboni ukitengeneza kompresa, umekonda na umefuga ndevu. Nikamwambia huyo siye, Mjomba ndevu humwasha. Akajibu, "Basi ni mtu mwingine anayewafahamu, maana nilipotaja karakana yenu aliangusha spana." Hilo lilinitosha.

Sasa nikueleze habari za Baba. Daktari amesema mikono imepona, maana yake ngozi imefunga. Lakini vidole havihisi kitu. Umshikishe barafu au umshikishe kikombe cha uji wa moto, kwake ni mamoja. Mwenyewe huwaambia wateja, "Hizi ni glavu, ila hazivuliki." Wateja hucheka, naye hucheka kidogo. Mama hacheki.

Jambo lenyewe ni hili. Jumatatu Baba alifungua kabati la chuma akatoa boksi la pampu ya petroli, ile ya pili mliyoiagiza ya akiba. Nyigu, gari lenu, bado ipo juu ya stendi palepale ulipoiacha mwezi wa sita. Rangi yake ya njano imebaki mbele tu, nyuma ni nyeusi. Baba amesema ataifunga pampu upya, na ataiwasha Nyigu mwenyewe Jumamosi ya tarehe 26 Julai, siku moja baada ya shule kufungwa. Mama alimuuliza, "Ukiunguza na nyumba tutakaa wapi?" Baba akasema tutakaa ndani ya Nyigu. Tuliendelea kula.

Mimi ndiye nitakayekuwa vidole vyake. Naogopa, Mjomba, ila si uoga wa kulia. Ni kama mguu uliokufa ganzi, najua upo lakini siusikii.

Nina maswali mawili. La kwanza: Baba anataka pampu ikae mbele, karibu na injini, mahali anapoweza kuiona. Je, ni sawa? La pili: siku ile ulikaa kwenye kiti cha dereva ukafungua swichi, pampu ikaanza, mpira ukachomoka, petroli ikaruka hadi kwenye balbu ya taa ya kazi, moto ukalipuka, na Baba alikuwa amepiga magoti palepale. Hayo kila mtu anayajua. Ninachouliza ni kwa nini mpira ulichomoka. Baba hasemi. Mama hataki hata litajwe. Mimi nilikuwa mezani na daftari langu, kama kawaida.

Mpwa wako,
Karani


23 Machi 1997

Karani,

Marahaba. Barua yako ilikaa ofisini wiki tatu. Umeandika juu ya bahasha "Kwa Mjomba, Machimboni", na hapa kila mwenye ndevu alikataa kwamba ana mpwa anayejua kusoma. Mwishowe mpishi alisema mpelekee yule asiyeongea.

Mimi ni mzima. Vumbi ni jingi, kazi si mbaya. Kengele mwambie meno yakiota asiume spana.

Pampu isikae mbele. Mwambie Shemeji, lakini usiseme ni mimi. Pampu ya nje ina nguvu ya kusukuma, kuvuta haijui. Ukiiweka mbele itanyonya hewa, itapata moto, na Nyigu itakata pumzi katikati ya mlima. Ikae nyuma, karibu na tangi, chini ya usawa wa petroli, ili petroli imiminikie yenyewe. Itiwe vipande vya raba kwenye miguu isije ikatetemesha bodi nzima. Kwanza filta ya matundu makubwa, halafu pampu, halafu filta ya matundu madogo. Mshale ulio ubavuni mwa pampu uelekee mbele. Waya wa umeme mnene utoke betri moja kwa moja, upitie fyuzi na rilei, kiboksi kinachofungua umeme mkubwa kwa umeme mdogo, na ile swichi ya kukata umeme gari likigonga. Hiyo isisahauliwe.

Taa ya balbu isiingie chini ya gari. Tumieni tochi ndogo, na milango yote miwili ya karakana iwe wazi.

Swali la pili sina la kusema.

Mjomba


6 Aprili 1997

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika. Ni fupi, lakini nimeisoma mara nyingi hata imekuwa ndefu.

Bibi mzaa Baba amekuja na amekaa siku nne. Alitaka kujua kwa nini cherehani inalia, Mama akamwambia ni uzee, Bibi akanuna akidhani amesemwa yeye. Wamepatana baadaye juu ya mtoto wa jirani aliyeanguka mtini. Mtoto hakuumia.

Nilimwambia Baba kwamba pampu inasukuma lakini haijui kuvuta. Akauliza nimeyatoa wapi. Nikasema nimeyasoma mahali.

"Mahali wapi?"

"Kwenye maandishi fulani."

Akasugua bakuli la filta. Halafu akasema, "Maandishi hayo yanaongea kama mtu ninayemjua." Hakuuliza tena, na pampu imekaa nyuma.

Kazi tunaifanya Jumamosi na Jumapili mchana. Nimejifunza kukata mpira wa petroli kwa wembe mpya ili mwisho wake usiwe na nyuzi. Nimejifunza kuupaka mafuta kidogo kabla ya kuusukuma kwenye mdomo wa bomba, usije ukakunjika. Mikono yangu inanuka na msichana ninayekaa naye dawati moja amehamia dirishani. Amesema si kwa ubaya.

Sasa nikueleze kilichonisukuma kuandika upesi. Sheria uliyoiandika ukutani kwa chaki ingali pale, moshi haukuifuta: *Aliyekaza hashiki.* Anayekaza klipu ya kubana mpira hajikagui mwenyewe. Mwingine anaingiza mkono, anauvuta mpira kwa nguvu zake, anasema "nimeshika", na karani anaweka tiki. Tangu nikiwa darasa la nne nimeweka tiki zenu, na sijawahi kuona gari likitoka hapa bila hizo.

Sasa anayekaza ni mimi. Anayeshika amebaki mmoja.

Jumamosi nilikaza klipu ya mpira unaotoka tangini. Nikatambaa nje, nikachukua daftari, nikasoma, "Mstari wa kwanza, mpira wa tangi." Baba alikuwa amelala chali upande wa pili. Akanyoosha mkono.

"Nimeshika."

Niliinama kutazama. Alikuwa ameshika bomba la breki.

"Baba, hilo ni la breki."

"Nalo limekaza," akasema.

Nilisubiri acheke ili nami nicheke. Aliutoa mkono akautazama kama kitu alichoazima kwa jirani. Mstari wa kwanza nimeuacha bila tiki.

Mjomba, njoo. Si lazima uongee na mtu. Uje ushike tu, uondoke.

Karani


2 Mei 1997

Karani,

Marahaba. Nimefurahi Bibi bado ana nguvu za kununa.

Mimi ni mzima. Wiki iliyopita kompresa kubwa ilikufa nikaifufua, na mwenye machimbo amenipa koti la mvua. Huku mvua hainyeshi.

Sikiliza. Macho ya Shemeji ni mazima. Tafuta rangi nyeupe kidogo na ule mswaki mwembamba wa kuandikia namba za magari. Ukishakaza klipu, piga mstari mmoja mwembamba unaoanzia kwenye skrubu, upite juu ya klipu, uingie kwenye mpira. Klipu ikilegea au mpira ukiteleza, mstari utakatika, na atauona kwa macho bila kugusa. Migodini wanafanya hivi, hata wenye vidole vyote. Halafu yeye auvute mpira huku anautazama. Mkono uvute, jicho lishike.

Nunueni klipu mpya. Zote. Zile za bolti, si za ukanda wenye meno zinazokata mpira. Zihesabu kabla hujaanza kazi, nazo zitoshe. Nimekuandikia hili kwa mkono mzito kuliko mengine yote, ulisome mara mbili.

Kuja siwezi. Dada yangu aliniambia pale hospitali, mbele ya wauguzi, kwamba asinione. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningerudi kesho yake.

Mjomba


15 Juni 1997

Mjomba,

Shikamoo. Nilikuandikia tarehe 18 Mei, naona haikukufikia au imefika umeikalia. Haidhuru. Haikuwa na mengi zaidi ya mitihani.

Kengele ameota jino moja, limekaa upande. Mama amepata kazi ya sare za shule tatu kwa mpigo na ameajiri msichana wa kupiga pasi. Nyumba inanuka nguo za moto. Juzi Baba aliisogeza pasi kwa kuishika chini, kwenye chuma, akaiweka juu ya meza na kuendelea kusoma gazeti. Aliyepiga kelele ni yule msichana. Baba alitazama kiganja chake, akasema "aa", akaenda kukitia maji. Mama alimfunga bandeji, kisha akaendelea kukata kitambaa, na mstari wa mkasi wake ulinyooka.

Mstari wa rangi umefaa sana. Klipu nane, mistari minane. Baba alikaa chini ya Nyigu na tochi saa nzima akiitazama mmoja mmoja. Alisema, "Huyo mwandishi wako ana akili." Nikasema ndiyo. Akasema, "Ana afya?" Nikasema amekonda. Akasema, "Hm."

Kuhusu Mama, ilikuwa hivi. Alizikuta barua zako ndani ya kitabu changu cha jiografia. Alizisoma akiwa amesimama, hata mkoba hakuuweka chini. Nilikuwa mlangoni, nikangojea. Alizikunja kama zilivyokuwa, akazirudisha ukurasa uleule.

"Huko anakula?" akauliza.

"Kuna mpishi."

"Mpishi," akasema. "Yule hali chakula cha mtu asiyemjua."

Akaenda jikoni. Hilo tu. Lakini Mjomba, neno "asinione" halimo tena ndani ya nyumba hii. Nimelitafuta.

Zimebaki wiki sita. Baba anasema tukimaliza waya tutajaza petroli lita tano, na tarehe 26 yeye ataketi kwenye kiti cha dereva afungue swichi, mimi nisimame nje ya mlango na mtungi wa kuzimia moto. Nilimuuliza nani atasikiliza mipira huko nyuma wakati pampu inaanza. Akasema hakuna. Akasema safari hii hapatakuwa na mtu nyuma.

Lakini mpira ukivuja asipokuwepo mtu nyuma, nani ataona? Ndiyo maana nauliza tena. Nahitaji kujua kwa nini ulichomoka ule wa kwanza, ili nijue kama huu utachomoka.

Karani


29 Juni 1997

Karani, mpwa wangu,

Marahaba, na umsalimie Mama yako. Mwambie nakula.

Umeuliza mara mbili. Nitakujibu kama unavyojibu mtihani, bila kuzunguka.

Miisho ya mpira ilikuwa minane. Klipu mpya zilikuwa saba. Nilihesabu vibaya dukani. Ningesema siku ile tungengoja hadi Jumatatu, lakini Shemeji alikuwa na hamu ya kuisikia pampu na mimi nilikuwa na hamu kuliko yeye. Kwenye lile rundo la vyuma chakavu nyuma ya karakana kulikuwa na pikapu. Nikachomoa klipu ya mpira wake wa maji. Meno ya skrubu yalikuwa yamelika. Niliizungusha ikakubali, nikajua kwamba haikukubali sana. Nikaifunga kwenye mpira unaotoka filta ya pili, pale palipo na nguvu zote za pampu. Sikumwambia mtu.

Halafu nikachukua dumu nikaenda kununua petroli. Niliporudi, daftari lako lilikuwa wazi juu ya meza na tiki zote nane zimewekwa. Nilisimama nikaitazama ile ya nane. Nikasema moyoni, kama Shemeji ameuvuta kwa mkono wake na umekaa, basi umekaa, mimi ni mwoga tu. Unajua mkono wa Shemeji ulivyokuwa. Angeweza kuhisi unywele uliokwama kwenye uzi wa bolti. Nikaingia kwenye gari nikafungua swichi.

Kwa hiyo usimfikirie Baba yako vibaya kwa lolote. Yeye alishika kwa haki. Ilishika alipoishika, ikaachia pampu ilipoanza kusukuma. Mimi ndiye niliyempa kitu kibovu akishike. Kila siku huku nauona ule mkono ukivuta ile klipu, ukiniamini.

Nitakuja. Nimeomba ruhusa, dereva atanichukua Alhamisi tarehe 24, nitafika Ijumaa. Nitapiga magoti mbele ya Shemeji nimwambie kuhusu klipu kabla hajafungua swichi yoyote. Akinifukuza, nitakaa nje ya mlango nishike mtungi, wewe uende mbali. Asiponifukuza, nyuma ya lile gari nitakaa mimi.

Usimsomee barua hii. Nataka aisikie kwangu.

Mjomba


9 Julai 1997

Mjomba,

Shikamoo. Wote ni wazima na wanakusalimu, safari hii kweli. Mama ametandika kitanda cha sebuleni na kuhamisha cherehani chumbani ili uwe na nafasi. Kengele ameambiwa unakuja, na sasa anauliza kila siku kama ndevu zako zinafika kifuani.

Nilipopata barua yako nilikaa nayo siku tatu. Nilichokuwa nakiomba tangu Aprili kilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kunyamaza tu mpaka Ijumaa ile utakaposhuka kwenye lori. Lakini niliahidi katika mstari wa kwanza wa barua ya kwanza, na barua zote hizi nimekuandikia nikiwa nimeivunja ahadi.

Mimi nilikuwa mezani na daftari langu. Hilo ni kweli. Nililoacha kusema ni nilichokiona kutoka pale.

Unakumbuka asubuhi ile mlivyotaniana? Baba aliingia chini ya gari kuivuta klipu ya kwanza, nawe ukasema, "Shemeji, miaka kumi na miwili na bado unanikagua kama mtoto wa shule. Siku moja utataka kuniona nanawa mikono." Ulicheka. Baba naye alicheka, ila nilimwona masikio yamebadilika rangi. Alizivuta saba wakati wewe ulikuwa bado karakanani, moja baada ya nyingine, kila ulipomaliza. Ya nane ulipoimaliza ulichukua dumu ukaondoka. Mama alikuwa ameleta chai. Baba akatoka chini ya gari, akaja mezani.

Nikasoma, "Mstari wa nane, mpira wa kutoka filta ya pili."

Baba akatazama lango ulilotokea. Akasema, "Nimeshika."

Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kikombe.

Niliona. Hatukuwa mbali, tulikuwa meza moja. Nilijua kwa nini amesema hivyo, na wakati ule nililiona ni jambo zuri. Nilidhani amekuheshimu. Nilidhani ndivyo wakubwa wanavyoombana radhi. Basi nikaweka tiki. Niliiweka vizuri kuliko zile saba, mkia wake ukanyooka hadi pembeni mwa ukurasa. Hiyo ndiyo uliyosimama ukaitazama.

Kwa hiyo hakuna mkono ulioivuta ile klipu, Mjomba. Huo unaouona kila siku haukuwepo. Angeishika angeijua papo hapo, wewe mwenyewe umesema, hata unywele angeuhisi. Angekuita akakuuliza hii umeitoa wapi, mngegombana kidogo, tungengoja Jumatatu.

Umesema nisimsomee, nami nimemsomea. Hilo nalo ni kosa langu, liongeze. Nilimkuta karakanani Jumapili, anafuta vumbi kwenye kioo cha Nyigu. Nilisoma yote, hata ule mstari wa "alishika kwa haki". Alinisikiliza akiwa amenipa mgongo, na kitambaa kikawa kinazunguka mahali pamoja.

"Anakuja kupiga magoti?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mbele yangu."

"Ndiyo, Baba."

Akazungusha kitambaa tena. Kisha akasema, "Andika."

"Niandike nini?"

"Uliyoyaona. Si uliona? Mwaka mzima nakutazama, najua uliona."

Nikasema niliona. Sikulia. Nilisimama tu pale nikisikia saa ya ukutani, na nadhani yeye alikuwa akiisikia hiyohiyo.

Jana nimemsomea barua hii mpaka hapo kwenye kikombe, kwa kuwa nilitaka arekebishe kama nimekosea. Akasema nimesahau jambo moja. Akasema, "Chai ilikuwa imepoa. Nilikuwa sinywi. Liandike na hilo, asije akadhani nilikuwa na shughuli." Kwa hiyo nimeliandika.

Nilimuuliza kwa nini hakukuambia mapema. Alisema pale hospitali alikusikia ukimwambia Mama ni kosa lako, naye alikuwa na maumivu, akaona acha leo lipite, atasema kesho. Kesho yake hukuwepo. Baada ya hapo, alisema, lilikuwa jepesi kila siku kidogo, mpaka likawa kama vidole. Halafu akaongeza kwamba ukiisoma barua hii ukaamua usije, hatakulaumu, na mimi nisikulaumu. Nyigu ataiwasha tarehe 26 ukiwepo au usipokuwepo. Amekwisha jaza petroli.

Mama hajui bado. Baba amesema atamwambia mwenyewe, kabla ya Ijumaa. Kitanda chako amekinyoosha leo tena, ingawa hakuna aliyekilalia.

Nami sijui unajisikiaje ukisoma haya. Mwaka mzima umekaa kwenye vumbi ukibeba mzigo ambao nusu yake ilikuwa hapa nyumbani, na mimi nilikuwa na uwezo wa kukuandikia siku yoyote. Ukikasirika nitaelewa, na ukinikasirikia mimi zaidi ya Baba nitaona ni haki. Pampu imefungwa vizuri, mshale umeelekea mbele, mistari minane ya rangi haijakatika. Nimeikagua leo asubuhi kwa macho na kwa mkono, ingawa aliyekaza ni mimi na sheria hairuhusu. Mstari wa mwisho wa daftari uko wazi. Siuwekei tiki.

Dereva anaondoka kesho na anarudi Jumapili. Amekubali kungoja huko machimboni mpaka umalize kuandika, hata kama ni neno moja. Nijibu kwa lori hilohilo, Mjomba: sasa umejua, bado utakuja?

Mpwa wako,
Karani